Baiskeli Nyuma ya Malindi: Vilima vya Marafa, Bonde la Sabaki na Ukingo wa Msitu

Mtu akisema anakwenda Malindi, akili za watu hukimbilia baharini. Lakini ukiipa bahari kisogo na kukanyaga pedali saa moja tu, unaingia nchi nyingine: njia za udongo mwekundu katikati ya mikorosho na minazi, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, mto mpana uliojaa mchanga, na vilima vinavyopanda na kushuka mpaka Marafa. Nchi hii inafaa mno kwa baiskeli, na inasikitisha kuona wageni, hata wenyeji wa mjini, wakiipita ndani ya gari vioo vimefungwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye baiskeli ya graveli, yaani ile ya mwendo yenye tairi pana za njia za vumbi, au hata ya mlimani, anayeweza kukaa kitini saa nne tano. Milima haipo, lakini usividharau vilima: mwinuko mfupi wa mchanga kwenye jua la saa tano unachosha kuliko mlima wa lami.

1. Chagua upepo kabla ya kuchagua njia

Anayepanga safari hizi kwa ramani peke yake huumia wakati wa kurudi. Pwani hii inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hivi mpaka Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, kwa nguvu zaidi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba na kuendelea. Zote mbili zina tabia moja: alfajiri zimetulia, saa tatu saa nne zinaamka, alasiri ndipo zinapovuma kwelikweli. Kwa hiyo ukabili upepo asubuhi ungali dhaifu, ili jioni miguu ikishachoka ukusukume mgongoni.

Maana yake ni kwamba mzunguko wa Marafa, unaoanza kwa kwenda kaskazini na kumalizikia kwa kuteremka kusini kutoka Mambrui, ni safari ya kaskazi. Mzunguko wa Jilore na Gede, unaomalizikia kwa kupanda kaskazini kuelekea mjini, ni safari ya kusi. Ukizifanya kinyume utafika, lakini kilomita kumi na tano za mwisho utazilipia.

Halafu kuna mvua. Masika hunyesha zaidi Aprili mpaka Juni, na Mei ndio mwezi wa kuiacha baiskeli nyumbani. Tatizo kubwa si kulowa, ni udongo wa bondeni. Ukishiba maji hunata kwenye tairi, hujaa kati ya gurudumu na fremu, na baada ya hatua hamsini unabeba baiskeli badala ya kubebwa. Vuli, Oktoba mpaka Desemba, ni nyepesi zaidi. Ikinyesha usiku, ngoja siku moja au mbili za jua kisha utoke. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kavu lakini joto kali, na Julai mpaka Septemba, pale kusi inapoleta ubaridi kidogo.

Sabaki nao una kalenda yake. Mto huu huanza nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupokea mto Tsavo ukawa Galana, na huku kwetu ndio Sabaki: safari ya karibu kilomita 390. Ndiyo maana unaweza kufurika Malindi ikiwa kavu kabisa, kwa mvua iliyonyesha bara siku kadhaa kabla. Ukisikia mafuriko Nairobi au Ukambani, njia za kando ya mto zisahau kwa muda. Na wakati wowote ule, usipange kuvuka mahali pengine mbali na daraja kuu la barabara ya Lamu kabla hujawauliza wanaoishi pale.

2. Tayarisha baiskeli kwa mchanga na miiba

Tairi ndiyo kila kitu. Upana wa milimita 40 ni wa chini kabisa, 45 ni bora, na 50 kama fremu inaruhusu. Tumia upepo mchache kuliko uliouzoea: mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya 45 anaweza kuanza na psi 30 (kipimo cha shinikizo kwenye pampu), kisha akapunguza kidogo kidogo akiona gurudumu la mbele linazama. Tairi iliyojazwa ikawa ngumu hukata mchanga kama kisu. Iliyolegea kiasi huuelea.

Miiba ya migunga na ya mathenge haina huruma. Tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya gundi ndani, hujiziba zenyewe na zina thamani yake huku. Gundi hukauka haraka kwenye joto la Pwani, basi ikague kila baada ya mwezi au miwili. Kama unatumia tyubu, beba mbili, viraka, pampu, na kitu kidogo cha kung'olea mwiba. Ukipata pancha usikimbilie kubadilisha tyubu. Vua tairi, pitisha kidole polepole ndani yake mzunguko mzima, kisha rudia kwa upande wa pili. Mwiba wa mgunga huvunjika ukabaki ndani ya raba, ncha ikitokeza kidogo sana. Jicho halioni, kidole kinaona. Usipoutoa, tyubu mpya itatoboka kabla hujafika mwembe unaofuata.

Mafundi wa baiskeli wapo karibu kila kituo cha biashara, chini ya mti wenye kivuli, na wengi ni hodari. Watanyoosha rimu, wataunga cheni, watakaza spoki. Ila vipuri vyao ni vya baiskeli za mizigo, zile za 28 zinazobeba magunia ya makaa na mitungi ya maji. Tyubu zake zina valvu nene, nayo haipiti kwenye tundu jembamba la rimu nyingi za kisasa. Ndiyo sababu nasisitiza ubebe zako. Beba pia kile kichwa kidogo cha shaba kinachokuwezesha kutumia pampu ya kawaida.

Mafuta ya cheni yawe mepesi, ya mazingira makavu, au nta. Mafuta mazito hukusanya vumbi jekundu, na ndani ya saa mbili cheni inasaga kama msasa.

3. Maji, chakula na mavazi

Toka na lita tatu za maji kwa mtu mmoja, ukijua utaongeza njiani. Pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kutoka duka la dawa ni rahisi na hufanya kazi kuliko vinywaji vingi vya bei kubwa. Jasho la hapa hutoka na chumvi nyingi. Kabla ya kuondoka mjini kula mahamri na mbaazi, chakula kinachokaa tumboni mpaka saa nne. Njiani utapata madafu, ndizi, karanga, viazi karai na chai. Maembe, nanasi na korosho utavipata kwa msimu wake. Beba noti ndogo ndogo hata kama una M-Pesa, maana mtandao hupotea ukiingia ndani.

Kuhusu mavazi nasema wazi: zile kaptura za kubana vaa, zinasaidia, lakini juu yake vaa kaptura pana au suruali nyepesi. Utapita Mambrui saa ya watu kutoka msikitini, utasimama mbele ya wazee wa vijiji. Mwanamke abebe leso mkobani; itamfaa kwa jua, kwa kukalia na kwa stara. Shati jeupe la mikono mirefu hukinga jua vizuri.

4. Jifunze mchanga kabla haujakufunza

Vilima vya Magarini ni mchanga wa kale. Wanajiolojia wanauita mchanga wa Magarini, matuta yaliyorundikwa na upepo zama za Pliosini, mamilioni ya miaka iliyopita, wakati ufuo ulikuwa na sura tofauti na ya leo. Umbo hilo la matuta bado unalihisi miguuni: unapanda, unashuka, unapanda tena, bila tambarare ndefu.

Ukiona mchanga mlaini mbele, badilisha gia iwe nyepesi kabla ya kuingia. Sogeza makalio nyuma, legeza mikono, tazama mbali, ukanyage bila kukatiza. Usifunge breki ya mbele, usikate kona ghafla. Gurudumu likicheza huku na huku liache licheze. Anayelishika kwa nguvu ndiye anayeanguka. Na fuata mfereji wa bodaboda. Wale vijana hupita hapo mara nyingi kwa siku, wameshaikandamiza ile sehemu ngumu, na mara nyingi iko pembeni kabisa, karibu na nyasi.

5. Mzunguko wa Marafa

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Ihesabu kuwa safari ya siku nzima, karibu kilomita 80 ukijumlisha kwenda na kurudi, au ya siku mbili ukilala Marafa.

Toka mjini saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukianza tu. Barabara ya Lamu ina malori ya chumvi na ya mchanga, mabasi na matatu, na ukingo wake ni mwembamba. Mapema hivyo inavumilika. Washa taa ya nyuma hata kukiwa kweupe. Kilomita chache baadaye unafika daraja la Sabaki. Ukisimama, simama baada ya daraja, si juu yake. Mashariki unaona mto ukifunguka kuelekea baharini: matope mekundu, visiwa vya mchanga, na ndege wengi, wakiwemo korongo na mara nyingine heroe. Matope hayo ndiyo yanayofanya bahari ya Malindi iwe ya kahawia majira ya mvua. Mlangoni mwa mto kuna viboko, na mamba wamo. Usishuke ukingoni asubuhi na mapema wala jioni, na usioshe baiskeli mtoni hata siku moja.

Mto huu uliwahi kuwa mpaka wa machungu. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama waondoke ng'ambo yake ya kaskazini, wakaache mashamba yao mazuri kabisa. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshaanza kuwahamasisha watu dhidi ya wakoloni mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi, akarudi kwa miguu. Amezikwa Bungale, humu humu Magarini. Vijiji utakavyovipita ni vya watu waliorudi na kubaki.

Baada ya daraja kata kushoto kuelekea Marikebuni na Magarini. Njia inapanda kutoka bondeni, na hapo ndipo wengi hukanyaga kwa pupa wakachoka mapema. Panda taratibu. Ukifika juu, upepo wa asubuhi unakupata kwa mara ya kwanza, na nyuma yako bonde lote liko wazi. Kutoka hapo ni vilima mpaka Marafa: mikorosho, mashamba ya mihogo na mahindi, nanasi kwa msimu, watoto wa shule njiani. Watoto watakupigia kelele za "Ciao!" kwa sababu Malindi imezoea Waitaliano; wajibu kwa Kiswahili uone watakavyocheka.

Njia panda ni nyingi na vibao ni vichache. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka, lakini kwenye shaka muulize mtu. Usimuulize, "Hii ndiyo njia ya Marafa?" maana kwa heshima atakujibu ndiyo. Muulize, "Marafa naenda kwa wapi?" kisha ungoje anyooshe mkono.

Marafa kuna korongo ambalo watalii huliita Hell's Kitchen na wenyeji Nyari. Mvua imeuchimba ule mchanga wa Magarini kwa miaka mingi mpaka ukabaki minara na kuta za rangi nyeupe, waridi, machungwa na nyekundu iliyoiva. Wazee husimulia kwamba hapo waliishi matajiri wenye ng'ombe wengi kiasi cha kuogea maziwa, wakawanyima maskini, ardhi ikawameza. Lipa kiingilio, mwachie mtu baiskeli kivulini, uchukue kiongozi wa pale kijijini. Usishuke ndani saa sita mchana, kwani chini hakuna upepo na joto hukusanyika. Rangi hukolea zaidi jioni, na hii ndiyo sababu yangu ya kupendekeza ulale Marafa badala ya kukimbizana na giza.

Kurudi, teremka mashariki mpaka barabara ya Lamu, kisha geuka kusini upite Mambrui. Mji huu ni wa kale. Una kaburi la mnara la karne ya 15, na mwaka 2010 waakiolojia walichimbua hapo sarafu ya Kichina ya enzi ya Ming. Kunywa dafu, jaza maji, umalizie kilomita kama 15 za lami kaskazi ikikusukuma. Usiwe barabarani baada ya saa kumi na mbili jioni. Huku giza huingia mara moja.

6. Mzunguko wa Jilore na Gede

Huu ni wa kusi, na una kivuli zaidi. Toka mjini kuelekea magharibi kwa Ganda na Kakuyuni, mto ukiwa kulia kwako, mara mbali mara karibu. Mashamba ya bondeni yana mboga, ndizi na maembe, na asubuhi utakutana na baiskeli za mizigo zikileta mazao mjini. Wapishe: aliyebeba kilo 100 hawezi kukukwepa. Maji ya mfereji ya Malindi, na hata ya Mombasa, huvutwa kutoka visima vya Baricho, juu zaidi kwenye mto huu huu.

Ukifika Jilore utaona ziwa lake, ambalo hupungua sana wakati wa kiangazi, na upande wa kusini unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake kuna tembo na nyati. Usiingie peke yako kwa njia ya mkato hata ukiona njia imenyooka vizuri kiasi gani. Nenda ofisi ya misitu, ulipe, upewe kiongozi. Ukifanya hivyo utapita chini ya miti ya mrihi kwenye mchanga mweupe, mahali pa kupendeza mno, lakini mchanga wenyewe ni mzito.

Bila kiongozi, baki nje ya msitu: fuata njia za vijiji zinazouzunguka, ukiuliza Gede kila baada ya kijiji. Kusi itakuwa usoni, lakini miti hukupunguzia. Gede kuna magofu ya mji wa matumbawe ulioachwa karne ya 17, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na jirani yake mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wanavijiji wa ukingo wa msitu huuza pupa wa vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga wakingoja kugeuka vipepeo. Pumzika hapo mpaka saa tisa. Kisha rudi Malindi kwa lami, au kwa njia za vumbi za Msabaha kama miguu ingalipo, upepo ukiwa mgongoni.

7. Adabu za njiani

Salimu kwanza, uliza baadaye. Mzee ni shikamoo, hata kama unapita mbio, punguza mwendo. Usipige picha nyumba, kaburi wala mtu bila ruhusa, na ukiona vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya waliofariki, usiviguse. Usichume embe wala korosho hata pakionekana msituni: huku mti una mwenyewe, wakati mwingine tofauti na mwenye shamba. Watoto usiwagawie pesa wala peremende. Nunua kwa mama zao. Faida inabaki kijijini na aliyeuza hajaomba. Ng'ombe na mbuzi wakiwa njiani simama upande mmoja uwaache wapite, kengele huwatawanya.

8. Njia fupi ya ufuoni, ukiwa na nusu siku

Kaskazini ya Mambrui kuelekea Ngomeni, maji yakipwa, mchanga hugeuka mgumu ukaendesha bila taabu. Siku za bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Toka saa moja kabla na ugeuke kabla hayajaanza kujaa. Mbali baharini Ngomeni utaona majukwaa ya San Marco, ambako Waitaliano walirushia setilaiti kati ya 1967 na 1988. Usijaribu kuanzia Malindi kwa ufuo, maana mlango wa Sabaki hauvukiki kwa miguu.

Baada ya safari hii osha baiskeli kwa maji ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Mimina polepole bila mpira wa kasi, usije ukasukuma mchanga ndani ya beringi. Futa cheni kwa kitambaa, iache ikauke kivulini, kisha tia mafuta mapya jioni hiyo hiyo. Ukingoja kesho utaikuta imeshaanza kushika kutu.